Maziwa ya Kahororo

Wanasema hasira hasara. Hasira yangu mimi ilinipa lugha. Kiswahili hiki ninachoandikia sikukipata shuleni, maana shuleni sikukaa sana, wala sikukitafuta kwa kukipenda. Nilijifunza ili siku moja nimjibu mwanamke mmoja, na mwanamke huyo alikuwa shangazi wa mume wangu. Amekwisha kufa, na mimi bado sijamaliza kumjibu.

Mimi ni wa Muleba, kutoka vibanja, yaani mashamba ya nyumbani, vya karibu na Rubya, nyumba ya migomba mbele na kahawa nyuma. Baba alikuwa mpishi wa mapadre, na kwa kumfuatafuata jikoni niliokota maneno machache ya Kiswahili: maziwa, kuni, leta, peleka, mvivu, uza, hapana. Ndiyo yaliyotumika pale. Nyumbani tulisema Kihaya kama watu wote. Ile vita kubwa ya Wazungu ilipokwisha nikaolewa Bukoba mjini, Hamugembe, na kijana aliyepakia magunia ya kahawa bandarini. Mimi Mkatoliki, yeye Mlutheri. Wazee wa pande zote mbili walinung'unika kidogo, wakanywa rubisi yao, pombe ya ndizi, wakanyamaza. Shangazi hakunyamaza, kwa sababu alikuwa amekwisha kumchagulia mtoto wa kaka yake msichana mwingine, wa kanisa lake, aliyejua kushona na kusoma.

Kwetu Wahaya shangazi si mtu wa kupuuza. Ndiye anayemkalisha bibi harusi, ndiye anayemfundisha mambo ya nyumba, na akinuna yeye, ukoo mzima hununa. Mimi alinipokea kwa tabasamu. Nilikuwa msichana mjinga, nikalishukuru lile tabasamu.

Nikajifungua mapacha, wavulana wawili. Watu walikuja kuimba, maana pacha haji kimya kimya. Nyimbo zilipokwisha na watu wakaenda zao, nilibaki na watoto wawili na maziwa ya mtoto mmoja. Wa kwanza alizaliwa na nguvu zake, alinyonya mpaka nikaona nyota. Wa pili alikuwa mdogo, shingo haina nyama, akishika titi mara mbili tatu anachoka, analala. Mwanzoni alilia. Baadaye akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilijua kabisa kwamba nikikaa tu na kungoja, nitabaki na mtoto mmoja.

Ng'ombe hatukuwa nao. Ng'ombe pekee katika ukoo wetu walikuwa Kahororo, kwa shangazi, aliyeachiwa na marehemu mumewe zizi zuri na mtoto mmoja wa kiume. Nikamtuma mume wangu. Akarudi na kibuyu kitupu, akakitundika ukutani bila kunitazama. "Shangazi anasema ng'ombe wamekauka," akasema. Mume wangu alikuwa mtu mwema, aliweza kubeba gunia la kahawa mgongoni akipanda ngazi ya meli, lakini shangazi yake hakuweza kumbeba wala kumsukuma.

Nikaenda kwa akina mama wa kanisa langu. Wakaniombea vizuri sana. Wakanipa mkungu wa ndizi, khanga iliyovaliwa kidogo, na ushauri mwingi wa kunywa supu ya samaki. Sisemi kwamba hawakunisaidia; ndizi nilikula mimi, na supu nilikunywa. Lakini mtoto wa mwezi mmoja hali khanga.

Ndipo nikasikia habari za kliniki ya watoto mjini. Walisema kuna bibi wa Kizungu, muuguzi, ambaye siku moja katika juma anapima watoto kwenye mzani wa kuning'inia, na mama asiye na maziwa ya kutosha anapewa kopo la maziwa ya unga na kuonyeshwa jinsi ya kuyakoroga kwa maji yaliyochemka. Wanawake wengi waliogopa. Kupima mtoto kama nyama buchani, walisema, ni kumwita mwenye jicho baya. Mimi kwa wakati ule hata angekuwa shetani mwenyewe ameshika mzani ningemwekea mtoto. Nikamwacha mkubwa kwa mama mkwe, nikamfunga mdogo kifuani, nikaenda.

Tulikaa wengi kwenye majani nje ya mlango. Bibi yule alijua Kiswahili, cha vitabu, cha pole pole. Akina mama walijua Kihaya tu. Katikati yao, mlangoni, kilemba cheupe kichwani, alisimama shangazi. Alikuwa amesoma shule ya wasichana ya kanisa na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, basi ndiye aliyekuwa akitafsiri. Mama anamweleza yeye, yeye anamweleza bibi, bibi anasema nani aende kwenye mzani na nani arudi nyumbani.

Nilipomwona nilifurahi. Naandika hili ili mjue jinsi nilivyokuwa. Nilifurahi, nikasema moyoni, Mungu ni mwema, leo nina mtu wangu mlangoni. Nikapiga magoti nikamsalimu, nikamweleza yote kwa Kihaya: maziwa yangu hayatoshi, huyu mdogo halii tena, naomba kopo moja tu. Nikamfungua mtoto nikamlaza kwenye mikono yangu miwili, nikamnyooshea amwone.

Akamwona. Akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akamgeukia bibi, akasema kwa Kiswahili, "Huyu ana maziwa ya kutosha. Ni mvivu wa kunyonyesha. Anataka kopo aende kuuza."

Nilielewa. Maziwa, mvivu, kuuza: yote yalikuwa maneno ya jikoni kwa baba. Nilielewa kila neno na sikuwa na la kujibu. Kinywani mwangu mlikuwa na leta na peleka na kuni. Nikasema, "Hapana. Bibi, hapana." Yule bibi akanitazama, akamtazama shangazi, akauliza ninasema nini.

"Anasema hapana, hataki kungoja tena," shangazi akajibu.

Kisha akainama, akanigusa bega, akaniambia kwa Kihaya, taratibu, kama mtu anayebembeleza, "Bibi anasema mtoto ni mzima, mwanangu. Nenda ukamnyonyeshe." Na mama aliyekuwa nyuma yangu akasogea mbele. Kwenye mzani hatukufika.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Niliporudi Hamugembe sikuingia ndani. Nilikaa kwenye njia, chini ya migomba ya jirani, mtoto mapajani, midomo ikinicheza. Watu walionipita walidhani nalia, lakini nilikuwa nikirudia ile sentensi yake nisije nikasahau hata neno moja.

Kile kibanja nilichokaa mpakani mwake kilikuwa cha mwanamke aliyeishi Kampala na Nairobi miaka mingi kisha akarudi, akanunua ardhi kwa fedha zake mwenyewe. Wahaya wa umri wangu hawahitaji kuelezwa fedha za wanawake wale zilitoka wapi, na watu walimsalimu kwa mbali. Alikuwa na mtoto wa kike aliyemzaa ukubwani, bado ananyonya. Akatoka na jembe mkononi, akaniuliza nina nini. Nikamwambia. Akaweka jembe chini, akanawa mikono, akamchukua mwanangu, akakaa palepale kwenye majani makavu ya migomba, akampa titi. Hakuniuliza dini, wala mume wangu ni nani, wala kama ni mvivu.

Alimnyonyesha tangu siku ile mpaka meno ya juu yakatoka. Kila asubuhi na kila jioni nilimpelekea. Mama mkwe wangu alipojua alipiga kelele kwamba mtoto atanyonya tabia. Nikamwambia basi anyonye, tabia ya kumpa mtoto maziwa sijaiona nyumba hii. Hakunisemesha kwa muda mrefu, na mimi nilipumzika.

Siku za mwanzo mwanzo, nikimtazama mwanangu akimeza, nikamwambia jirani, "Nifundishe Kiswahili."

"Cha nini?"

"Kuna mtu nataka kumjibu."

Akacheka mpaka titi likamtoka mtoto. "Basi tuanze na matusi."

"Hapana," nikasema. "Tuanze na maziwa."

Ndivyo nilivyojifunza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Nairobi, kimepinda huku na kule, na baadaye nilikinyoosha kwa kusikiliza makarani na wahubiri na kwa kusoma kila kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari. Mume wangu alishangaa mke wake amepatwa na nini. Nilikuwa nikipika huku nikitunga majibu. Nilikuwa na majibu ya kutosha kujaza kanisa. Lakini nilipokuwa nayo tayari nilikuta hayana kazi, kwa sababu kumjibu shangazi peke yetu jikoni kungemfaa nini yeyote? Aliniua mbele ya watu. Nikataka watu.

Mtu asiye wa kwetu hataelewa lililofuata bila kujua habari ya kahawa. Mgeni akiingia nyumba ya Mhaya hupewa akamwani, kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani yenye harufu kisha zikakaushwa, ndani ya kikapu kidogo. Mwenye nyumba anachukua moja kwanza, anatafuna yeye, ndipo anamnyooshea mgeni. Ana maana ya kusema, tazama, hakuna sumu. Mgeni huchukua, hata kama hataki, hata kama meno hana. Kuirudisha kahawa ya mtu ni kumwambia mbele ya macho yake kwamba nyumba hii inaua. Watu wenye kesi barazani kwa Mukama, mtawala wetu, waliogombania mpaka wa shamba mpaka wakapigana mapanga, nimewaona wakipokea kahawa wao kwa wao.

Mimi nilitafuna kahawa ya shangazi miaka. Krismasi, ubatizo, msiba, nilikwenda Kahororo na kupiga magoti na kunyoosha mkono na kutafuna. Watoto walikua. Mdogo naye akawa mtoto wa kukimbia, magoti yenye makovu, akawa mkorofi kuliko mwenzake. Shangazi alimfinya shavu akasema, "Huyu naye amekua." Nikasema ndiyo, shangazi, amekua, waitu, kwa heshima zote. Nikatafuna. Mtenda husahau, mtendwa hana nafasi hiyo.

Mapacha walipokuwa wakiota meno ya pili, shangazi akataka kumwoza mwanawe. Na msichana alikuwa wa Muleba. Mlutheri, lakini wa Muleba. Kumbe Muleba si pabaya akichagua yeye. Baada ya mashauri ya kawaida, wazee wa msichana wakaja Kahororo kuitazama nyumba atakayoingia binti yao. Shangazi alitandaza majani mapya nyumba nzima, harufu yake ilikupokea njiani. Ukoo wetu wote ulikuwepo. Niliwavika mapacha nguo zao za kanisani na kumkalisha mdogo karibu na goti langu.

Shangazi alizungusha kikapu mwenyewe. Alichukua buni moja, akatafuna, akampa mzee wa wakwe, mwanamume mwembamba mwenye koti la Kizungu na kanzu. Akaenda mtu kwa mtu. Mioyo ilikuwa mizuri, watu wanaongea habari za mvua. Akafika kwangu. Nilichukua buni moja, nikaiweka katikati ya kiganja ili ionekane. Kisha nikairudisha kikapuni.

Mazungumzo ya mvua yaliisha. Shangazi alibaki ameinama, kikapu mkononi. Mume wangu alitazama chini, masikini, kama mtu anayeona meli ikiondoka na mzigo wake. Nasema wazi kwamba moyo wangu ulikuwa mtamu. Sijawahi kuonja kitu kitamu namna ile, wala kabla wala baada.

Mzee wa wakwe akaitoa buni yake mdomoni, akaishika. "Mwanamke wa nyumba hii amerudisha kahawa ya nyumba hii," akasema. "Sisi tumekuja kuleta mtoto hapa. Mama, tuambie kuna nini."

"Niseme kama ilivyosemwa?" nikauliza.

"Sema."

Nikasimama. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti yake yeye, nilikuwa nimeifanyia mazoezi miaka yote ile, "Huyu ana maziwa ya kutosha. Ni mvivu wa kunyonyesha. Anataka kopo aende kuuza." Kisha nikakaa chini, nikayasema yote kwa Kihaya, tangu ng'ombe waliokauka mpaka kwenye mlango wa kliniki. Nikamvuta mwanangu mbele. "Na huyu ndiye aliyekuwa mikononi mwangu siku ile. Alinyonyeshwa na mwanamke ambaye nyinyi wote mnamsalimu kwa mbali."

Shangazi angeweza kukana. Nilingoja akane, nilikuwa na majibu ya hilo pia. Hakukana. Alikaa chini kwenye majani yake mapya, akasema, "Nilidhani hajui Kiswahili." Ukoo mzima ulisikia. Hakuna tusi ambalo ningeweza kutunga lingemvua nguo namna ile.

Wazee walitoka nje wakashauriana, wakarudi na uamuzi wa desturi: mbuzi na rubisi, tule pamoja, yaishe. Nikasema sitaki mbuzi. Wakauliza nataka nini. Nilikuwa nimejua ninachotaka tangu zamani.

"Maziwa," nikasema. "Kibuyu kimoja kila asubuhi, kutoka zizi hili mpaka mlangoni kwangu Hamugembe. Ayalete yeye mwenyewe, si mtumishi wala mwanawe. Anikabidhi kwa mikono miwili."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mimi niseme basi."

Wazee wetu walinung'unika kwamba ni mtu mzima, kwamba njia ni ya kushuka na kupanda, kwamba haifai. Mzee wa wakwe akasema, "Mwacheni achague mwenye jeraha. Maziwa yakienda, binti yetu atakuja. Yasipokwenda, sisi tumeshiba, tunaondoka." Shangazi alimtazama mwanawe, kijana wa watu ambaye hakuwa na kosa lolote, amekaa na shati lake jipya. Akasema, "Nitaleta."

Na akaleta. Asubuhi ya kwanza watu wa Hamugembe walitoka kwenye migomba yao kutazama. Mwanamke wa kilemba cheupe, aliyesimama mlangoni mwa kliniki, anapita na kibuyu kama msichana. Nilimngoja mlangoni nimekaa. Akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikapokea, nikamwaga ndani ya chungu changu, nikamrudishia kibuyu.

Taabu ni moja: mwanangu hakupenda maziwa. Ukimpa anakunja uso na kukimbia. Kaka yake alikunywa kidogo, mume wangu kidogo, mengine yakabaki. Maziwa hayamwagwi kwetu, ni laana. Basi siku ya pili au ya tatu akapita mwanamke wa jirani, mke wa mvuvi, titi limevimba, mtoto analia, nikampa kikombe. Kesho yake akaja na mwenzake. Baada ya muda wakawa wanakaa mlangoni kwangu asubuhi na vikombe vyao kabla shangazi hajafika. Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu, mke wa askari kutoka Ngara asiyejua Kihaya, wasichana wapika pombe wenye watoto wasio na baba. Walewale waliokuwa wakirudishwa mlangoni mwa kliniki. Nilihakikisha anawaona. Nilimimina mbele ya macho yake, kikombe baada ya kikombe, na yule wa kwanza kumpa, kila siku, alikuwa binti wa jirani yangu wa Kampala, ingawa alikuwa mkubwa na mwenye meno yake yote.

Kliniki shangazi aliacha kwenda. Habari zilimfikia bibi, sijui kwa njia gani. Ninajua njia gani. Nilimwambia mimi, kwa Kiswahili, na sikuhitaji mtu wa kutafsiri. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniomba radhi, nikamwambia radhi ninapokea lakini ningependa na kopo. Akanipa. Nikampa mke wa askari.

Miaka ikaenda. Msichana wa Muleba aliolewa Kahororo akazaa. Wanangu wakaenda shule. Mimi sikusema basi. Watu walikuja kuniomba, mume wangu, mchungaji, hata mama yangu alisafiri kutoka Muleba kuniambia imetosha, mwanamke yule amezeeka. Nikasema atakapozeeka sana atakufa, na akifa nitasema basi. Mama alifanya ishara ya msalaba akarudi kwao.

Asubuhi moja ya masika alichelewa. Mvua ilikuwa imeanza alfajiri, ile mvua ya Bukoba isiyo na haraka. Nikasema leo hatakuja, na nikaanza kupanga maneno nitakayomwambia kesho. Akaja. Alikuwa na fimbo, amelowa mpaka kwenye mifupa, na kibuyu amekifunika chini ya nguo yake ili maji yasiingie. Akaninyooshea kibuyu. Nikapokea. Hapo ndipo alipouliza, mara moja tu katika miaka yote ile.

"Mwanangu, bado?"

Mke wa mvuvi alinitazama. Wote walinitazama.

"Bado," nikasema.

"Haya," akasema, akageuka akarudi kwenye mvua.

Alikufa kabla Mwingereza hajaondoka, bendera yake bado iko bomani. Walimzika kwenye kibanja chake Kahororo, na watu walikuwa wengi mpaka wakakanyaga kahawa. Mchungaji akasimama akamsifu. Akasema mama huyu, kwa miaka, kila asubuhi, kwa miguu yake mwenyewe, jua na mvua, alipeleka maziwa kwa watoto masikini wa Hamugembe, bila kuangalia dini wala kabila, na ni wangapi leo hii wako hai kwa sababu yake. Akina mama wa mlangoni kwangu wakaangua kilio. Walikuwa wamekuja wote, na watoto wao. Wakasema ni kweli, ni kweli.

Nilikaa pale damu ikinichemka. Ile ilikuwa faini yangu! Niliitafuta miaka, nikaitafuna na buni zake, nikaipata mbele ya watu, na sasa mchungaji anaigeuza kuwa huruma na kumfukia nayo. Niliwaza kusimama. Majibu nilikuwa nayo, kwa lugha mbili. Lakini ukisimama kaburini kusema maziwa yalikuwa adhabu, kuna mtoto atakayesikia kwamba yeye alikuzwa na adhabu. Mwanangu mdogo alikuwa kando yangu, kijana mrefu sasa, amebeba jembe la kufukia. Nikabaki nimekaa.

Kesho yake asubuhi niliamka, nikakuta wamekaa mlangoni na vikombe.

"Mna nini nyinyi?" nikawauliza. "Si mlimzika jana?"

Mke wa askari alikuwa na mtoto mchanga, wake wa mwisho. Akasema kwa upole, "Tulimzika, mama. Lakini mtoto hajui kuna msiba."

Sikuwa na la kumjibu. Miaka yote hii ya majibu. Nikaingia ndani, nikatoa ukutani kile kibuyu ambacho mume wangu alirudi nacho kitupu zamani zile, nikakisuuza, nikashika njia ya Kahororo. Sikuwahi kuitembea asubuhi vile, umande mpaka magotini. Kuna kijito cha kuvuka juu ya magogo yanayoteleza, kisha kilima kirefu ambacho ukikiona kwa mbali hukidhanii. Nilipumzika mara mbili. Nilijiuliza mwanamke yule mwenye fimbo alipumzika mara ngapi, kisha nikajikasirikia kwa kuuliza.

Mwanawe alikuwa zizini. Alinyoosha mgongo aliponiona, hakushangaa hata kidogo. Pembeni, juu ya mti wa zizi, kibuyu cha mama yake kilikuwa kimekwisha jazwa na kufunikwa jani la mgomba.

"Mama alisema utakuja," akasema. "Alisema asubuhi ya kwanza, usilale, muwekee tayari."

"Alisema nini tena?"

Kijana alitazama miguu yake. Alikuwa mtu mpole, hajawahi kunilaumu kwa siku ile ya wakwe. "Alisema nisikupe kwa mkono mmoja. Na alisema ukiuliza kama imetosha, nikuambie bado."

Akaninyooshea kibuyu kwa mikono miwili. Nikakipokea kwa mikono miwili, maana kilikuwa kizito. Nikashuka kilima. Njia nzima nilimtukana shangazi kwa Kiswahili, matusi yote ya Nairobi, taratibu, nisimwage.